Glasi ya Kuonja, Chupa ya Kubeba

Mwezi huu karibu barua zote zilizotufikia zinahusu mvinyo: vipi mtu aende kuonja kiwandani, achague chupa gani, na aifikisheje salama Mombasa, mji wenye joto lisilo na huruma kwa chupa. Jopo letu la mvinyo linajibu. Majibu haya ni ya waliotimiza miaka 18.

*Mimi na mume wangu tunakwenda Cape Town mwezi wa Februari, na tumetenga siku mbili za kuzunguka mashamba ya mizabibu ya Stellenbosch. Hatujawahi kuonja mvinyo mahali rasmi na twaogopa kuonekana washamba. Tuanzie wapi, na tutaijuaje chupa ya kununua? — Msomaji, Nyali*

Dada yetu, mwezi mmeuchagua vizuri. Mavuno ya huko huanza mwishoni mwa Januari na kuendelea hadi Machi, mashamba mengine hata Aprili. Mtaziona zabibu zikiingia kiwandani na kuinusa chachu ikiwa kazini. Tatizo ni kwamba msimu huo wenyeji wana shughuli na wageni ni wengi, basi wekeni nafasi mapema. Viwanda vingi hutoza ada ya kuonja, na baadhi huiondoa mkinunua chupa. Ulizeni kabla ya kuketi. Vyumba vya kuonjea hufungwa mapema, alasiri, kwa hivyo kiwanda mnachokitamani zaidi kiwe cha kwanza asubuhi, ulimi ukiwa bado mpya.

Siku moja msizidishe viwanda vitatu. Pigeni hesabu: kila kiwanda humimina mvinyo aina tano au sita, kila mmoja mililita 25 hadi 30. Sita mara mililita 30 ni 180, na kwa viwanda vitatu ni mililita 540, zaidi ya theluthi mbili za chupa kwa kila mtu, tena juani. Ndiyo sababu mezani huwekwa ndoo ya kutemea. Kutema si utovu wa adabu, na wataalamu wenyewe ndio wanaotema sana. Stellenbosch iko kilomita 50 hivi kutoka Cape Town, kwa hivyo kodini gari lenye dereva. Hata anayetema huvuta kileo kidogo kupitia ngozi ya mdomo.

Asubuhi hiyo msijifukize udi, wala msijipake marashi au mafuta ya asumini. Chumba cha kuonjea ni cha pua, na udi wa mtu mmoja hufunika glasi za watu kumi. Kahawa tungu, tangawizi, pilipili na peremende ziacheni hadi jioni. Kuleni kifungua kinywa cha maana, mkate na mayai, kwani tumbo tupu halifai.

Mhudumu atawapangia glasi kwa utaratibu, nanyi msiuvuruge: wenye povu kwanza, kisha mweupe usio na utamu, wa waridi, mwekundu mwepesi, mwekundu mzito, na mtamu mwisho. Ukiutanguliza mtamu, mweupe utakaoufuata utauona kama maji ya ndimu. Glasi ishikwe mguu, kwa sababu kiganja hupasha moto. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe uangalie rangi. Nusa mara moja glasi ikiwa imetulia, kisha izungushe polepole mezani mara tatu nne, unuse tena. Harufu ya pili ndiyo yenye habari. Halafu piga funda dogo, lizungushe kinywani mpaka lifike kwenye ufizi, vuta hewa kidogo juu yake kama anayepoza chai, kisha tema au meza. Sasa hesabu moja moja kimyakimya: ladha imebaki sekunde ngapi? Ikipotea kabla ya tano, huo ni mvinyo wa kawaida. Ikivuka kumi ikiwa bado nzuri, andika jina lake.

Msihangaike na maneno ya vitabuni, watu wa Pwani mna msamiati tayari. Uchachu mwaujua kwenye embe mbichi na ukwaju, nao mate hujaa pembeni mwa ulimi. Ukakasi mwaujua kwenye bibo, au kwenye chai ya rangi iliyosahauliwa mekoni: kinywa hukauka na ulimi ukawa kama kitambaa. Uchachu na ukakasi ni vitu viwili mbalimbali, na mgeni wa mvinyo huvichanganya daima. Harufu ya pera kwenye mvinyo mweupe wa zabibu za Chenin Blanc na ya pasheni kwenye ule wa Sauvignon Blanc mtazitambua wenyewe. Pilipili manga mkiinusa kwenye mvinyo mwekundu wa Shiraz si ndoto. Ngozi ya zabibu ile ina kemikali ile ile inayoipa pilipili manga harufu yake. Na karafuu kwenye mvinyo uliolazwa pipani hutoka kwenye mbao za mwaloni zilizobabuliwa moto, kwani humo mna yujenoli, mafuta yale yale yaliyomo kwenye karafuu ya Pemba.

Kuhusu kununua, shauri letu ni moja na twalisisitiza: usinunue chupa kwa funda la kwanza. Ukiupenda mvinyo, bakisha kidogo kwenye glasi, endelea na mwingine, kisha urudie baada ya dakika kumi na tano. Kuna mvinyo unaokuja kwa kelele na kufifia, na kuna unaoanza kwa kimya kisha ukafunguka. Wa pili ndio wa kubeba. Onja kabla ya sahani ya jibini kufika, kwa sababu mafuta na chumvi ya jibini huuficha ukakasi na kasoro nyingine. Bei itazameni baada ya kuandika maoni yenu. Mandhari ya milima ile nayo ni muuzaji hodari, kwa hivyo jiulizeni: kwenye sebule ya Nyali, feni ikizunguka, ningeinywa hii?

Muulizeni mhudumu maswali matatu: zabibu hizi zimetoka shamba hili au zimenunuliwa? Pipa lilikuwa jipya? Chupa hii inywewe lini? Kama jibu la tatu ni "baada ya miaka minane", iacheni kama hamna mahali baridi pa kuihifadhi. Chenin Blanc, zabibu inayopandwa zaidi Afrika Kusini, msiikose. Jaribuni pia Pinotage, zabibu nyekundu iliyozalishwa huko huko Stellenbosch mwaka 1925 na Profesa Abraham Perold kwa kupandanisha aina mbili, Pinot Noir na Cinsaut. Na kwenye shingo ya chupa tafuteni karatasi ndogo ya uthibitisho yenye namba. Chupa iliyo nayo, eneo lililoandikwa kwenye lebo limetoa zabibu zote, na jina la zabibu au mwaka wa mavuno ni kweli kwa asilimia 85 au zaidi.

*Afrika Kusini ni mbali na ni gharama. Hakuna mahali karibu pa kujifunzia? — Msomaji, Tudor*

Pako pawili, ndugu yetu. Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, kuna mizabibu inayotoa mvinyo wa Leleshwa, jina la kichaka cha majani ya kijivu kinachoota kwenye Bonde la Ufa. Kule ni juu, takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa baridi huusaidia uchachu wa zabibu usipotee. Piga simu kwanza, usiende kwa kubahatisha.

Pa pili ni Dodoma, na kwa mtu wa Mombasa ni safari nzuri: basi kupitia Lunga Lunga hadi Dar es Salaam, kisha treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024. Mizabibu ya Dodoma ilianza na wamisionari wa Kiitaliano katika karne iliyopita. Leo huko mna aina ya zabibu nyekundu iitwayo Makutupora, kwa jina la mahali. Jambo la kutazama kwa macho yako ni mavuno mara mbili kwa mwaka. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi. Karibu na ikweta haulali, kwa hivyo mkulima huuamsha kwa mkasi: akikata matawi leo, baada ya miezi minne mitano anavuna. Usitafute huko mvinyo wa Ufaransa. Tafuta matunda yaliyoiva na kileo cha kutosha, na uonje mweupe kabla ya ule mtamu mwekundu ambao watu wengi wa Tanzania huuanzia.

*Asalaam aleikum. Mimi ni mhudumu wa mkahawa katika hoteli moja ya Shanzu. Mimi sinywi kwa sababu ya dini yangu, lakini wageni huniuliza mvinyo upi ni mzuri, nami huona haya kwa kutojua. Naweza kuujua bila kuonja? — Msomaji, Mtopanga*

Waaleikum salaam, kaka. Mambo ya dini unayajua wewe na Mola wako, na hatutayaingilia. Upande wa kazi jibu ni ndiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita ladha ya mvinyo ni harufu. Pua yako, iliyokulia kwenye pilau na halua, ni chombo kizuri kuliko unavyodhani.

Anza na harufu za ubovu, maana hizo ndizo zitakazokuokoa mbele ya mgeni. Ya kwanza ni boksi la karatasi lililoloa, au kitambaa kilichokunjwa kikiwa kibichi. Huo ni ugonjwa wa kizibo, na mvinyo hauponi. Rudisha chupa bila kubishana. Ya pili ni tofaa lililopondeka na kubadilika rangi. Hewa imeingia, na mweupe utauona umegeuka hudhurungi. Ya tatu ni siki au rangi ya kucha. Ya nne ni yai bovu au kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Hii usiikimbilie kuitupa: zungusha glasi kwa nguvu dakika mbili tatu, mara nyingi huondoka.

Kufungua ni ufundi wa mkono. Mwoneshe lebo aliyeagiza na umtajie jina na mwaka. Kata karatasi ya shingoni chini ya ukingo wa pili, si juu yake, ili mvinyo usiguse karatasi ukimiminwa. Pangusa mdomo wa chupa. Ingiza ncha ya kizibuo katikati kabisa, zungusha mpaka libaki pete moja nje. Ukiizamisha yote unatoboa kizibo upande wa pili na vipande vinaelea. Vuta polepole, na sehemu ya mwisho malizia kwa vidole ili usilie mlio. Mmiminie aliyeagiza funda la kuonja, subiri akubali, kisha wamiminie wengine, yeye awe wa mwisho. Glasi moja ni mililita 150 na chupa ni 750, kwa hivyo chupa moja hutoa glasi tano. Mhudumu anayejaza glasi hadi mdomoni huwanyima wageni harufu, na mara nyingi mgeni wa tano hukosa.

Mgeni akikuuliza, mwambie ukweli kwa heshima: "Mimi sinywi, ila wageni wanaoagiza kamba wa kuchoma wengi huchukua huu mweupe, ni mchachu kama ndimu na hauna utamu." Hakuna atakayekudharau kwa sentensi hiyo. Mwombe mpishi na mwenzako anayeonja wakueleze kila chupa kwa maneno manne: uchachu, utamu, ukakasi, uzito. Yaandike kwenye kidaftari cha mfukoni.

*Nikinunua chupa Afrika Kusini naruhusiwa kuingia na ngapi? Na nizifungeje? — Msomaji, Bamburi*

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia na mvinyo usiozidi lita mbili bila ushuru. Watu huhesabu chupa na kusahau lita. Chupa mbili za mililita 750 ni lita moja na nusu, mko salama. Ya tatu inafikisha lita mbili na robo, mmevuka. Inayozidi itaje mwenyewe kwa afisa na ulipe. Kuificha kunaweza kukugharimu chupa zote.

Chupa moja iliyojaa ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5, kwa hivyo angalia uzito wa begi. Lazima ziende kwenye begi la chini ya ndege, kwa maana kwenye kabati la abiria kioevu hakizidi mililita 100. Tia kila chupa kwenye mfuko wa plastiki na uufunge fundo, ili ikivunjika isiharibu nguo. Viringisha kikoi au kanga mara tatu, shingo ifunikwe zaidi kwani ndiyo huvunjika kwanza. Ilaze katikati ya begi, upana wa vidole vinne kutoka kila ukuta, na chupa zisigusane. Kama jumla ya manunuzi yenu inazidi randi 250, tunzeni risiti za kodi. Mgeni hudai kodi yake ya asilimia 15 uwanja wa ndege, hupunguzwa gharama ya huduma tu. Ila chupa huoneshwa afisa kabla begi halijapokelewa. Wengi hukabidhi begi kwanza na haki yao ikapaa nalo.

*Nilionja mvinyo mwekundu kiwandani ukanipendeza mno. Nimekaa nao miezi mitano juu ya kabati la jikoni, nimeufungua sikukuu, ni kama jamu iliyochemshwa. Niliuziwa mwingine? — Msomaji, Kizingo*

Hapana mama, uliuziwa ule ule. Umepikika. Barua yako ndiyo iliyotufanya tutenge ukurasa huu, kwa sababu chupa nyingi nzuri zinakufa hivi katika nyumba za Mombasa.

Mvinyo hutaka nyuzijoto 12 hadi 14, bila kupanda na kushuka. Juu ya kabati la jikoni, hasa majira ya kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, ni zaidi ya 30, kwa sababu hewa moto hupanda na jiko lipo chini yake. Kila nyuzi kumi zinapoongezeka, mabadiliko ya ndani ya chupa huenda kasi karibu maradufu. Na kuna jambo la pili: mvinyo ukipata moto huvimba na kusukuma kizibo. Usiku ukipoa hunywea na kuvuta hewa. Tazama chupa yako: kama kizibo kimeinuka juu ya mdomo, au shingoni mna ukoko wa kunata, ushahidi ndio huo.

Dawa yake si ghali. Weka zote kwenye friji, nyekundu pia, rafu ya chini kabisa, zikilala. Friji ni baridi kupita kiasi, lakini kwa wiki kadhaa baridi haina dhara, joto lina dhara. Zenye kizibo cha gome zisikae humo zaidi ya miezi mitatu, maana hewa ya friji ni kavu na kizibo husinyaa. Za kifuniko cha kuzungusha hazina shida hiyo, na kwa Mombasa sisi twazipendelea. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku tu ni kibaya kuliko unavyofikiri: chupa hupanda na kushuka kila siku. Wala usiiache chupa kwenye buti ya gari ukienda sokoni Kongowea. Nusu saa juani yatosha kuianzishia safari hiyo.

Ile kauli kwamba mwekundu unywewe kwa joto la chumba ilisemwa kuhusu vyumba vya Ulaya. Maana yake ni nyuzi 16 hadi 18. Toa chupa kwenye friji, iache nje mpaka ubaridi upungue, fungua. Kama haijawahi kuingia friji, chovya kwenye ndoo yenye nusu barafu nusu maji na konzi ya chumvi kwa dakika kumi. Barafu tupu bila maji haigusi chupa vizuri.

Kama kweli huna baridi, nunua Madeira, mvinyo wa kisiwa cha Ureno. Huo hupikwa makusudi, mwingine kwa nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi mitatu, ukaongezwa kileo. Joto la Kizingo halitaufanya neno, na ukishafunguliwa hukaa miezi. Wareno, waliotuachia neno mvinyo lenyewe, waligundua hilo kwenye mapipa yaliyovuka nchi za joto melini.

*Supamaketi nitazame nini? — Msomaji, Likoni*

Tazama kwanza chupa imekaa wapi. Iliyo dirishani au chini ya taa kali iache, hasa ya kioo cheupe. Usichukue ya mbele, chukua ya nyuma. Mweupe na wa waridi usizidi miaka miwili au mitatu tangu mavuno, isipokuwa unajua kwa nini. Angalia kimo cha mvinyo shingoni ukilinganisha na jirani zake, kilichoshuka kimevuja. Stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, iwepo na isiwe imebanduliwa. Muulize mwenye duka kama mzigo ulikuja kwa kontena la baridi, kwa sababu kontena la kawaida likikaa juani Kilindini ndani yake huwa tanuri. Wa boksi usome tarehe, haudumu kama chupa.

*Samaki wa kupaka na mvinyo gani? — Msomaji, Mji wa Kale*

Mweupe, baridi, mchachu kiasi cha kushindana na ukwaju, na uwe na utamu kidogo wa kutuliza pilipili: Chenin Blanc ya matunda yaliyoiva. Mvinyo ukiwa na uchachu mdogo kuliko chakula, utaonekana maji. Mwekundu wenye ukakasi uweke mbali. Pilipili huuwasha mara mbili, na chuma kilichomo kwenye mvinyo mwekundu kikikutana na mafuta ya samaki huacha harufu ya shombo.

*Chini ya chupa ya mweupe nimekuta vijiwe kama sukari. Ni vioo? — Msomaji, Mikindani*

Si vioo. Ni chumvi ya zabibu yenyewe iliyojitenga kwa sababu ya baridi ya friji. Kioo hakivunjiki ukikibana kwa kijiko, hivi hupondeka. Simamisha chupa saa moja, mimina polepole bila kuitikisa, na uache upana wa kidole chini.